Safari Fupi ya Maji Ndani ya Titi

Haya wanangu, sogeeni, leo tunaanza na maji. Maji yaliyomo mwilini mwenu hayatulii, hata mkiwa mmelala fofofo. Kila molekuli inahangaika, inagonga wenzake, inageuka na kwenda tena. Mwaka 1905 Albert Einstein aliueleza mwendo huo kwa hesabu. Miaka kama 80 baadaye, huko Ufaransa, daktari na mwanafizikia Denis Le Bihan akajiuliza: mashine ya MRI haiwezi kuupima ndani ya mtu aliye hai?

Ikaweza.

Sasa mama ana uvimbe kwenye titi. Vimbe nyingi za titi si saratani, lakini lazima ijulikane. Mama analala kifudifudi, matiti yakiwa kwenye matundu mawili ya kitanda, mashine inagonga ko! ko! ko! Kipimo hiki hakihitaji kumdunga dawa yoyote. Sumaku huyatia maji alama, kisha kabla hata hajapepesa jicho huyakagua: yamefika wapi? Katika muda huo maji yaliyo huru husogea kama sehemu 2 kati ya 100 za milimita. Ni kidogo mno, lakini ndio upana wa seli hasa! Kwa hiyo maji yakikuta ukuta, mashine itajua.

Seli za saratani huzaana ovyo zikasongamana kama abiria wa daladala la jioni, na maji yanakosa pa kupita. Kwenye ramani ya mwendo wa maji, mahali hapo huwa peusi.

Ila msiharakishe kuhukumu. Jipu lenye usaha mzito nalo huzuia maji, na ipo saratani iliyojaa ute ambamo maji hutembea kwa raha. Ndiyo maana wataalamu wameongeza hesabu nyingine: moja hutenga mwendo wa damu katika mishipa midogo kabisa, nyingine hupima jinsi vizuizi vinavyoupotosha mwendo wa maji. Hata hivyo, panapobaki shaka, kinyama huchukuliwa kikapimwe maabara, na ni haki kabisa, maana hapa anazungumziwa mama wa mtu.

Akianza dawa za saratani, seli zikafa, nafasi hufunguka na maji huanza kutembea tena. Mara nyingine ramani huonyesha hayo wakati uvimbe wenyewe haujapungua, na daktari akapata dalili mapema kwamba dawa inafanya kazi.