KWA NINI MUPANGA SAFI HAUTOSHI: HABARI YA VIDUKARI VYA NDIZI



Katika namba hii ya gazeti letu nataka kueleza habari ya mdudu mmoja ambaye kila mwenye shamba la ndizi anakaa naye, lakini wachache wanamjua. Ni kidukari wa ndizi. Wengine wanamwita kwa Kifaransa puceron. Pengine mtu atauliza: juu ya nini doyen anatuandikia habari ya mdudu, mambo mengine yamekwisha? Ni hivi: minerval ya wengi wetu inatoka ku ndizi. Inatoka ku mikungu inayopanda kamio kwenda Goma, ku makemba ya Walikale, na (wazee wa kanisa wanisamehe) ku kasiksi pia. Shamba la ndizi likikufa, kuna mtoto mmoja ao wawili hawatarudi masomoni mwezi wa tisa.

Wazazi wetu wanajua tayari ugonjwa mwingine, ule wa kunyauka. Katika Kongo ulionekana mara ya kwanza hapa kwetu Masisi, mwaka 2001. Majani yanakuwa njano na kulegea, matunda yanaiva mbele ya wakati wake, na ukikata shina unaona maji mazito ya njano yanatoka. Ule unaletwa na bakteria, na kweli mupanga unaubeba toka shina hadi shina. Kwa hiyo watu wakafundishwa kupitisha mupanga ku moto, kuvunja ua la chini ya mkungu kwa mti wenye panda, na kukata shina lililogonjwa tu na kuacha mengine ya kichaka kile. Mafundisho hayo ni mazuri na yaliponyesha mashamba mengi.

Lakini kuna ugonjwa wa pili, nao hausikii mafundisho hayo hata kidogo. Huu hauletwi na bakteria, ni virusi. Alama zake ni tofauti. Ndizi haianguki wala hainyauki. Inakuwa fupi, majani mapya yanatoka membamba na kusimama wima, yanasongamana juu kama fagio, na pembeni mwake ni ya njano. Tazama tena mkono wa jani, pale linapoungana na shina: utaona mistari midogo ya kijani cheusi, mingine mifupi kama nukta, mingine mirefu kidogo, sawa maandiko ya telegrafu ya zamani. Ukiona ile mistari, usitafute alama ingine. Ndizi iliyogonjwa ingali ndogo haizai mkungu hata siku moja. Iliyogonjwa ikiwa kubwa inaweza kutoa mkungu mdogo uliopindika, kisha basi.

Katika Kongo ugonjwa huu ulijulikana Yangambi tangu mwaka 1958. Leo uko Kisangani, na uko pia katika bonde la Ruzizi, kusini ya Bukavu. Sasa tazameni karte iliyo ukutani katika kilasi cha tano. Njia kubwa inayotoka Bukavu na kwenda Kisangani inapita wapi? Inapita Hombo, Walikale, Lubutu. Sisi tuko katikati.

Namna gani virusi inatembea? Hapa ndipo kidukari anaingia. Ni mdudu wa milimetre moja ao mbili, mwenye rangi ya kahawia inayokaribia nyeusi, mlaini. Usimtafute juu ya jani kubwa, utachoka bure. Fungua ganda la zamani chini ya shina karibu na udongo, ao tazama ndani ya jani jipya ambalo lingali limejikunja, ao ku machipukizi madogo. Utawakuta wamejipanga wengi pamoja. Kila mmoja ameingiza mdomo wake, ulio kama sindano, ndani ya ndizi na anafyonza maji.

Mdudu huyu ana desturi ya ajabu. Wote ni majike. Hawahitaji dume, hawatagi mayai, wanazaa watoto wazima, na kwa muda wa majuma mawili hivi mtoto amekwisha kuwa mama. Sisi tunaosoma biolojia tunajua hesabu ya namna hiyo inafika wapi. Wakizidi kuwa wengi mahali pamoja, wengine wanazaliwa na mabawa, na upepo unawapeleka ku shamba la jirani.

Tena wana rafiki. Kidukari anafyonza maji mengi yenye sukari kuliko anavyohitaji, na ile sukari inatoka nyuma yake. Chungu wanaipenda sana, basi wanawalinda vidukari kama mchungaji na ngombe zake, na kuwafukuza wadudu wanaotaka kuwakula. Chungu yule tunayesifu katika Mezali kwa bidii yake, hapa bidii yake inatuharibia. Lakini kuna faida moja: ukiona mstari wa chungu wanapanda na kushuka ku ndizi, wamekuonyesha mahali pa kutafuta.

Kidukari peke yake hauui ndizi. Shamba linaweza kuwa naye miaka mingi bila hasara kubwa, na upande wa juu, kule kwenye baridi ya Masisi, hazai haraka kama katika joto la Walikale. Hatari inaanza siku anapofyonza ndizi yenye virusi. Akikaa juu yake saa ine hivi amekwisha kuibeba, na ataibeba mupaka kufa kwake. Akienda ku ndizi nzima, robo ya saa inaweza kutosha kwa kuiambukiza. Ndizi ile haitaonyesha kitu mara moja. Itakaa majuma, pengine miezi, ikionekana nzuri. Na kwa wakati ule jirani anakuja kuomba chipukizi.

Kwa maoni yangu chipukizi ni hatari kuliko kidukari mwenyewe, kwa sababu kidukari haendi mbali, lakini mtu anaweza kupanda moto na chipukizi mgongoni toka Lubutu mupaka Nyabiondo kwa siku chache. Na siku hizi watu wengi wamekimbia vita. Wakirudi wanakuta shamba limekuwa pori, wanatafuta mbegu popote, na hakuna anayeuliza imetoka wapi. Siwalaumu, maana mwenye njaa hachagui. Lakini jamaa ambayo imepoteza mavuno kwa vita haiwezi kungoja mwaka mzima tena kwa ndizi isiyozaa.

Basi mtu afanye nini? Virusi haina dawa. Ndizi iliyogonjwa haiponi, hata uimwagilie nini. Na hapa mazoea ya ugonjwa wa kwanza yanatudanganya. Ku ugonjwa wa kunyauka tunakata shina moja na kuacha kichaka. Ku huu, virusi inapita katika mzizi mkubwa kwenda ku machipukizi yote, hata yale yanayoonekana mazuri. Kichaka chote kinapaswa kutoka. Mzee anaweza kulia juu ya jambo hili, lakini akiacha chipukizi moja ameacha yote. Mupanga wenyewe haubebi virusi hii: uuchome ku moto kwa sababu ya ugonjwa ule mwingine.

Jambo la kuangalia sana ni utaratibu. Ukikata kwanza, vidukari wanaona nyumba yao inakauka, wanatembea na kuruka kwenda ku ndizi za jirani, nawe umepanda ugonjwa kwa mkono wako. Kwanza uwaue. Yeyusha sabuni ya kufulia katika ndoo ya maji, umwage ndani ya kilele cha majani, katikati ya maganda, na chini pale shina linapoingia udongoni. Wengine wanamwaga petroli kidogo katika kilele, nayo inafaa. Fanya hivyo ku machipukizi pia. Kesho yake urudi, utazame kama wamekufa, ndipo ung'oe kichaka pamoja na mizizi na kukatakata ule mzizi mkubwa vipande vidogo kusudi usiote tena. Kila juma urudi mahali pale; kikitokea chipukizi, king'olewe.

Dawa za soko sizipendi sana. Nyingi zinauzwa katika chupa zisizo na jina, na zinaua pia wale wadudu wekundu wa mviringo wenye nukta nyeusi wanaokula vidukari bila kutuomba mushahara.

Juu ya mbegu, uchukue chipukizi ku shamba ambalo umelitazama kwa macho yako, na kichaka chenye mama aliyezaa mkungu mzuri. Utoe maganda ya nje na kuchonga mizizi, hapo vidukari wengi wanabaki pale pale. Wengine wanatumbukiza chipukizi katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hii ni nzuri kwa kuua vidudu vya mizizi na mayai ya fukusi, lakini virusi haifi.

Watu watasema kung'oa kichaka kizima ni hasara isiyo na matunda. Huko Australia ugonjwa uliingia mwaka 1913 kutoka Fiji, na kufika katikati ya miaka ya 1920 wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuacha mashamba. Mtaalamu mmoja, Magee, akaonyesha kwamba ni kidukari anayeubeba. Ikawekwa sheria: mashamba yakaguliwe, kilichogonjwa king'olewe, chipukizi lisihamishwe bila ruhusa. Ndizi zikarudi. Ugonjwa haukwisha kabisa, na wanakagua mupaka leo. Kwetu hakuna mkaguzi anayepita, lakini katika kila kijiji mwanafunzi mmoja anaweza kutembea mashambani siku ya posho na kutazama mikono ya majani.

Wenye kuona ile mistari, wasikate kitu. Wafunge kamba ku shina, wamwambie mwenye shamba na majirani wake wote, kisha watafute sabuni.

Doyen, mwaka wa sita