Programu kuukuu, hasara mpya

Wafanyabiashara wanaotumia programu za zamani za hesabu wanashauriwa kutozipa mamlaka yote ya kompyuta. Mwizi akiipenya programu yenye dosari, hurithi mamlaka iliyopewa: kusoma, kufuta na kufunga mafaili.

Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilipenya kupitia M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi nchini Ukraine. Kilienea kwa dosari ya Windows iliyokwisha kutolewa marekebisho Machi mwaka huo, na kwa maneno ya siri ya wasimamizi wa kompyuta. Kampuni ya meli ya Maersk ilikadiria hasara ya dola milioni 200 hadi 300.

Karani apewe akaunti ya kawaida. Programu ikigoma, itengwe na mtandao, na nakala za hesabu zihifadhiwe kando.