Kutulia Si Kupona: Neno "Upele" na Dawa za Kupaka katika Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, watu wengi hujifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani. Ngara husemwa Kihangaza na Kishubi, lugha zilizo jirani na Kirundi. Biharamulo husikika Kisubi, Kizinza na Kisukuma. Lakini mgonjwa afikapo zahanati au duka la dawa, aghalabu hueleza maradhi yake kwa Kiswahili, na neno lililo karibu naye ni upele. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha jinsi neno hilo moja liwezavyo kumpatia mtu dawa isiyo yake.

Upele, kwa maana yake finyu, ni ugonjwa uletwao na kijidudu kichimbacho ndani ya ngozi. Lakini katika mazungumzo neno hilo hufunika pia choa, kiletwacho na kuvu, na ukurutu, ambao siku hizi wengi huuita pumu ya ngozi. Yaliyounganisha maradhi haya si asili yake, bali mwasho. Hata methali hazitazami penginepo: kipele kimepata mkunaji. Lugha ilitazama ukucha, haikumtazama kijidudu.

Basi, dawa za jamii ya kotikosteroidi hushika hapo hapo penye mwasho. Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten, wa Marekani, walieleza kwamba haidrokotisoni yafaa ikipakwa juu ya ngozi yenye ukurutu. Dawa hizi hufanana na homoni itokayo katika tezi zilizo juu ya figo, nazo hushusha uvimbe, wekundu na mwasho. Nguvu zake hazilingani, wala tarakimu za kwenye bomba hazitoshi kumwongoza msomaji: klobetazoli ya 0.05% ni kali kupita sana haidrokotisoni ya 1%.

Kwa ukurutu, dawa hizi zatumika mahali pake. Kwa upele wenyewe, mwasho hupungua lakini kijidudu yu hai, naye huendelea kuambukiza. Hapo yatakiwa dawa ya kumwua, kama benzili benzoeti au pemethrini, na watu wote wa nyumba watibiwe pamoja. Kwa choa hali ni mbaya zaidi: alama yake ya duara hufifia, kuvu huenea, na tabibu aitazamaye baadaye huweza asiitambue. Tena dawa kali ikipakwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba na kufanya michirizi, hasa usoni na kwa watoto.

Kiswahili kinayo maneno mawili ya kutenga mambo haya: kutulia na kupona. Mwasho hutulia, mgonjwa hupona. Lakini ikiwa jina la ugonjwa ni mwasho, basi mwasho ukitulia mgonjwa hana sababu ya kudhani kwamba hajapona. Kosa si lake. Amefuata mantiki ya neno alilopewa.

Maelekezo nayo yana shaka. "Paka kiasi kidogo" ni kidogo cha nani? Mwaka 1991 Long na Finlay walipendekeza kipimo cha kidole. Kwa Kiswahili tukisema "ncha ya kidole" tu, msomaji atafikiri tone moja. Afadhali tuseme: mstari wa dawa wenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima, nao watosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake.

Yafaa basi kamusi zetu zifafanue maneno haya kwa asili ya maradhi: upele kwa kijidudu, choa kwa kuvu, na ukurutu kwa ngozi iwashwayo isiyoambukiza. Hapana haja ya kuunda maneno mapya, maana yapo. Na mpaka maana hizo zienee, muuza dawa aulize swali moja ambalo mtu wa Ngara au Biharamulo atalifahamu mara moja: "Je, nyumbani kwenu kuna wengine wanaowashwa?" Jibu lake halimalizi uchunguzi, lakini laweza kuzuia bomba lisilofaa lisifunguliwe.