Ugonjwa Unaopita Dukani: Takwimu za Manunuzi na Utambuzi wa Mapema wa Saratani

Kabla mgonjwa hajafika Bugando, au hata katika kituo cha afya kilicho karibu naye, ugonjwa wake mara nyingi umekwisha kupita dukani. Mwanamke wa Kiseke ambaye tumbo linamjaa gesi haanzi kwa daktari. Huanza na vidonge vya kupunguza asidi, wiki inayofuata hununua dawa ya maumivu, kisha hushauriwa kuwa ni vidonda vya tumbo na kununua omeprazoli. Manunuzi hayo madogo madogo ni historia ya ugonjwa, ila hakuna anayeiandika.

Nchini Uingereza watafiti wameisoma historia ya namna hiyo. Timu ya Chuo cha Imperial cha London, ikiongozwa na Dkt. James Flanagan, ilichapisha matokeo yake mwaka 2023. Walishirikisha wanawake 273, wakiwamo 153 waliokuwa wamegundulika kuwa na saratani ya ovari, yaani mifuko ya mayai, na 120 wasiokuwa nayo. Kwa ridhaa ya wanawake hao, watafiti walichunguza kumbukumbu za kadi zao za wateja, zile ambazo maduka makubwa ya huko huwapa wanunuzi wajikusanyie alama za punguzo. Kila kadi inapotumika, kompyuta ya duka hutunza nini kilinunuliwa na lini. Ilionekana kwamba wenye saratani waliongeza ununuzi wa dawa za maumivu na za kusaga chakula tangu takribani miezi 8 kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Walipoulizwa, kwa wastani walikumbuka dalili zilizoanza miezi minne na nusu tu kabla. Kwa maneno mengine, mkoba wa ununuzi ulijua kabla ya mwenye mkoba.

Sababu iko katika maumbile. Ovari zimekaa ndani ya nyonga, mahali penye nafasi, hivyo uvimbe unaweza kukua bila kuumiza. Saratani ikisambaa kwenye utando wa tumbo na maji yakaanza kujikusanya, mgonjwa huhisi kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga au ya chini ya tumbo, na haja ya kukojoa mara kwa mara. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotisha. Kila moja ina dawa yake dukani, na dawa hiyo humpa nafuu ya siku mbili tatu, jambo ambalo ndilo linalochelewesha.

Hapa nitahadharishe. Walio wengi kabisa wanaonunua dawa za asidi hawana saratani. Wana vidonda vya tumbo, minyoo, au wamekula vibaya. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na uliangalia nyuma kwa wanawake ambao majibu yao yalikwisha kujulikana. Haujathibitisha kwamba duka linaweza kumwonya mteja kwa usahihi. Onyo lisilo sahihi nalo lina gharama: hofu, nauli, na foleni ya ultrasaundi inayorefuka kwa anayeihitaji kweli.

Kiseke hatuna kadi hizo. Dawa huuzwa kidonge kwa kidonge, mara nyingi mtoto ndiye anayetumwa, na risiti haina jina la mgonjwa. Malipo ya Lipa Namba huacha alama, lakini ya kiasi na namba ya simu; hayasemi kilichonunuliwa. Hata kama yangesema, taarifa za afya zina ulinzi maalumu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni haki ziwe nao. Mwanamke asingependa jirani wala mwajiri ajue alichonunua.

Tulicho nacho ni muuzaji anayewajua wateja wake. Mfumo wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 ulikusudia awe mtu aliyepewa mafunzo. Huyo ndiye kadi yetu. Mtu akirudi kwa dawa ileile mara ya tatu ndani ya mwezi, amuulize ni ya nani, na tatizo lilianza lini. Mwongozo wa Uingereza unatilia mkazo dalili nilizozitaja zinapotokea zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa kwa mwanamke aliyefikisha miaka 50. Kipimo hicho ni rahisi kukikumbuka hata kaunta ikiwa na watu. Vilevile, mkojo wa damu usitibiwe kama UTI mara kwa mara bila uchunguzi: kichocho cha mkojo, ambacho kipo katika vijiji vya Kanda ya Ziwa vyenye madimbwi na mashamba ya mpunga, kinahusiana na saratani ya kibofu.

Nasi kliniki tubadili swali. Ukiuliza, “Umetumia dawa gani?” wengi hujibu, “Sijatumia,” kwa kuwa vya dukani hawavihesabu kuwa dawa, au wanaogopa kufokewa. Uliza hivi: “Kabla ya kuja umenunua nini dukani, mara ngapi, tangu lini?” Kisha uandike majibu yote, pamoja na tarehe.

Kwa mgonjwa, daftari lile unalokwenda nalo kliniki linatosha. Ukurasa wa nyuma andika kila dawa uliyonunua na siku yake, au tunza maganda ya vidonge uyalete. Taarifa hiyo ni yako, na hukai nayo mtu mwingine. Mwanamke mwenye dalili hizo apimwe tumbo na nyonga, afanyiwe ultrasaundi, na pale inapopatikana, kipimo cha damu cha CA-125. Kipimo hicho huweza kuwa cha kawaida saratani ikiwa bado changa. Kwa hiyo asiambiwe tu kwamba yuko salama. Apewe tarehe ya kurudi iwapo tumbo litaendelea kujaa, na aje na daftari lake.