Mafua ya paka wachanga: pua ikiziba, njaa ndiyo huua

Asubuhi wavuvi wanapopara samaki Lamu au Unguja, paka hawakosi miguuni pao. Wengi hawana mwenyewe, na huzaa popote penye kivuli: stoo, darini, uvunguni mwa ngalawa. Wiki chache baadaye chafya huanza, leo mmoja, keshokutwa uzao mzima. Watu husema ni mafua tu, yatapita. Kwa paka mkubwa mara nyingi hupita kweli. Kwa mwenye umri wa wiki sita, yanaweza kumuua.

Visa vingi husababishwa na virusi vya aina mbili, herpesi na kalisi, ambavyo ni vya jamii ya paka na havimwambukizi binadamu. Bakteria hufuata nyuma, na hapo makamasi meupe hugeuka kijani. Mara nyingi maambukizi hutoka kwa mama mwenyewe. Paka akishapata herpesi huishi nayo maisha yake yote. Uchovu wa kuzaa na kunyonyesha huiamsha, naye huwapa wanawe akiwaramba, ingawa kwa macho ni mzima. Kinga wanayoipata katika maziwa yake hupungua kati ya wiki ya 6 na ya 16, na huo ndio wakati wa chafya.

Kinachoua, hata hivyo, mara nyingi si chafya. Paka hula kwa kunusa. Pua ikiziba, samaki aliye mbele yake ni sawa na jiwe. Kalisi nayo humtia vidonda mdomoni. Kiumbe mdogo hivyo hana akiba mwilini: akikosa chakula kwa siku moja tu, sukari hushuka, mwili hupoa, hulegea.

Kwa hiyo matunzo yaanzie puani. Futa makamasi na tongotongo kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu, mara kadhaa kwa siku. Jicho lililogandamana lisiachwe, maana linaweza kupofuka. Mweke mahali pa joto pasipo moshi. Mpashie moto kidogo samaki aliyetolewa miba ili harufu ipande, bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Mtenge na wenzake, osha vyombo vyake kwa jiki iliyozimuliwa na uvisuuze vizuri, kwani kalisi hudumu nje ya mwili kwa wiki kadhaa.

Dawa za binadamu usimguse nazo. Paracetamol, hata kipande cha kidonge, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Antibiotiki nazo haziui virusi. Ni daktari wa mifugo anayeamua kama bakteria wameingia na kipimo gani kinafaa. Mpelekee siku hiyohiyo paka mchanga aliyegoma kula, anayehema kwa mdomo au asiyefumbua jicho.

Kinga ipo. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Haizuii kila chafya, ila hupunguza sana makali ya ugonjwa. Mwenye paka jike achanje mama kabla hajabeba mimba, na kama hataki watoto zaidi, amfunge uzazi. Ni nafuu kuliko kuuguza uzao mzima.