Kengele Isilie Kabla ya Sampuli: Mpangilio wa Kumbukumbu katika Mashine za Tiba

Mgonjwa anayevuka ziwa kutoka Ukerewe, au anayesafiri kwa basi kutoka Geita hadi Bugando, hupita mbele ya kompyuta nyingi asizozitambua kuwa ni kompyuta. Pampu inayosukuma dawa mshipani, mashine inayohesabu chembe za damu, kioo kinachoonyesha mapigo ya moyo wodini, mashine ya tiba ya mionzi: kila moja ina kichakataji chake na kumbukumbu yake. Kati ya mfumo endeshi na kifaa chenyewe hukaa programu iitwayo kiendeshi, ambayo kazi yake ni ukalimani. Makala haya yanahusu kosa moja linaloweza kujificha ndani ya kiendeshi. Nimelichagua kwa sababu haliachi alama, na kwa sababu sisi tulio wodini ndio tunaoliona kwanza, kwa kawaida bila kulijua.

Tufikirie maabara. Mhudumu anaweka mrija wa damu kwenye kishikio, kisha anabonyeza kengele ili fundi wa maabara aje auchukue. Mpangilio ni huo: mrija kwanza, kengele baadaye. Kengele ikitangulia, fundi atakuta kishikio kitupu au, mbaya zaidi, atachukua mrija wa mgonjwa aliyetangulia. Hakuna aliyeacha kufanya kazi yake. Mrija umewekwa na kengele imelia. Kilichoharibika ni utaratibu wa kutangulia na kufuata.

Kiendeshi hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Huandika data katika sehemu ya kumbukumbu, kisha huandika alama katika mlango wa kifaa kukiarifu kuwa data iko tayari. Kifaa huenda kwenye kumbukumbu moja kwa moja na kusoma kilichomo. Msomaji atadhani kwamba, maadamu mwandishi wa programu ameandika amri ya kwanza juu na ya pili chini, zitatekelezwa kwa mfuatano huo. Si lazima iwe hivyo. Kichakataji cha siku hizi hufanya hesabu zake kwa kasi inayoizidi mbali kumbukumbu kuu, na kikilazimika kusubiri kila andiko lifike ndipo kiendelee, muda wake mwingi utapotea. Kwa hiyo huyaweka maandiko katika foleni ya pembeni na kuendelea na kazi nyingine, na katika vichakataji vingi andiko la pili linaweza kufika kabla ya la kwanza. Hata programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine huweza kupanga upya amri ikiona kwamba jibu la mwisho halibadiliki.

Kwa kichakataji kinachofanya kazi peke yake, kweli halibadiliki. Tatizo huanza pale anapokuwapo mtazamaji wa nje, yaani kifaa, ambaye huona mambo kwa mfuatano yanavyofika.

Dawa yake inaitwa kizuizi cha kumbukumbu. Jina hilo lisimfanye mtu afikirie ukuta. Waliovuka Kigongo–Busisi kwa kivuko, kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, wanajua maana yake: magari yaliyomo kivukoni hushuka yote kwanza, ndipo yaliyo nchi kavu yapande. Miongoni mwa yanayoshuka, lipi limelitangulia lipi si hoja. Linalokatazwa ni la kupanda kuingia kabla la mwisho halijashuka. Kizuizi ni amri ya namna hiyo ndani ya kiendeshi: maandiko yote yaliyo kabla yake yaonekane na kifaa kabla ya andiko lolote lililo baada yake.

Upande wa kusoma una hitaji hilo hilo, nao husahaulika zaidi. Kifaa kinapomaliza kupima huandika jibu katika kumbukumbu, kisha huinua alama ya kusema tayari. Kiendeshi kinapaswa kuitazama alama kwanza, kisha kulisoma jibu. Lakini kichakataji kinaweza kulisoma jibu mapema, kwa kubahatisha kwamba litahitajika, kabla hakijaitazama alama. Tuchukue mtoto mwenye malaria kali ambaye hemoglobini yake ni 4, akimfuata mtu mzima ambaye yake ni 11. Ikiwa alama ni mpya lakini jibu lililosomwa ni la zamani, skrini itaonyesha 11 kwa jina la mtoto, wala hakutakuwa na ujumbe wowote wa hitilafu. Kizuizi cha upande wa kuandika hakisaidii kitu bila mwenzake wa upande wa kusoma.

Jambo hili lina ukatili wake. Vichakataji vya jamii ya Intel, vilivyomo katika kompyuta nyingi za mezani, hudumisha mfuatano wa maandiko kwa kiasi kikubwa. Vile vya jamii ya ARM, vilivyomo katika simu zetu na vifaa vingi vidogo, huruhusu kubadilishana nafasi kwa uhuru zaidi. Kiendeshi kilichosahau kizuizi kinaweza kufanya kazi miaka mingi juu ya aina ya kwanza bila kasoro, kisha kikaanza kukosea kikihamishiwa aina ya pili. Watunzaji wa mfumo wa Linux wameandika waraka mrefu juu ya vizuizi peke yake.

Ajali inayofundisha zaidi kuhusu mfuatano katika mashine za tiba ni ya Therac-25, mashine ya mionzi iliyotengenezwa Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Kosa lake halikutoka kwa kichakataji kupanga upya maandiko. Lilitoka kwa kazi mbili za programu zilizotumia kumbukumbu moja bila kungojana. Ni ndugu wa tatizo letu, wa baba mmoja.

Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mwendeshaji aliandika aina isiyo sahihi ya mionzi, akagundua, akarudi juu na kusahihisha kwa haraka. Mashine ilikuwa bado inaandaa sumaku zake, kazi iliyochukua takriban sekunde 8, na sehemu moja ya programu haikuona marekebisho. Skrini ilionyesha maelezo sahihi. Mashine yenyewe ilikuwa katika hali nyingine. Ukatokea ujumbe wa hitilafu namba 54, usioeleweka, na kwa kuwa jumbe kama huo zilikuwa za kila siku, mwendeshaji alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa aliyepangiwa grei 1.8 alikadiriwa kupata kati ya 165 na 250. Aprili ikatokea tena, hapo hapo. Mtangulizi wake, Therac-20, alikuwa na kosa hilo hilo katika programu, lakini vizuizi vyake vya umeme vilizima mionzi na hakuna aliyeumia. Katika Therac-25 vizuizi hivyo vilikuwa vimeondolewa, programu ikaaminiwa peke yake. Binafsi naona uamuzi huo ulikuwa mbaya kuliko kosa lenyewe.

Katika hospitali zetu dawa ya kwanza ya hitilafu ni kuzima na kuwasha, na mara nyingi umeme wenyewe hutufanyia hivyo. Kosa la mpangilio hupotea kwa kuwashwa upya, na ushahidi hupotea nalo. Hujitokeza mashine inapokuwa na kazi nyingi, kisha hutulia siku nzima fundi anapokuja. Kwa hiyo, kabla ya kuzima, andikeni saa, ujumbe kama ulivyo, na vitufe vilivyobonyezwa kwa mfuatano wake. Jibu lisilolingana na hali ya mgonjwa lirudiwe kwa sampuli mpya kabla ya kuagiza au kughairi damu. Kompyuta iliyounganishwa na mashine isibadilishwe bila mhandisi wa vifaa tiba kushauriana na mtengenezaji. Taarifa ipelekwe kwake na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Nawe mgonjwa, ukihisi maumivu au joto lisilo la kawaida mashine inapofanya kazi, sema papo hapo, hata kama skrini inaonyesha kuwa mambo ni shwari.

Kule Tyler, mtengenezaji alikuwa ameshindwa kuirudia hitilafu ya Machi. Baada ya ajali ya pili, mwanafizikia wa kituo hicho alikaa na mwendeshaji mbele ya mashine. Mwendeshaji alikumbuka alichoandika na jinsi alivyosahihisha. Walirudia, wakaongeza kasi ya kuandika, wakarudia tena, hadi namba 54 ikatokea kwenye skrini.