Paka Akizeeka Amani

Mwezi wa Julai ukungu huifunika Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, tangu alfajiri, na siku nyingine jua halionekani mpaka saa nne asubuhi. Katika vijiji vinavyopakana na mashamba ya chai, jikoni ndiko kwenye joto, na kando ya mafiga hukosi kumkuta paka amejikunja. Aliye kijana akishapata joto hutoka kwenda kuwinda panya ghalani. Mzee hatoki. Anakunywa maji, analala, anaamka, anakunywa tena. Mbavu zimeanza kuhesabika na manyoya ya mgongoni yamesimama hovyo. Wenye nyumba wanamtazama na kusema, "Amezeeka huyo," na habari inaishia hapo.

Kauli hiyo imewanyima matunzo paka wengi. Uzee peke yake ni nadra kumkondesha paka hivyo. Anayekonda kwa kawaida anaumwa, na magonjwa yanayowaandama paka wazee yanajulikana, yana dalili za kuonekana kwa macho, na mengi yake paka anaweza kuishi nayo miaka kadhaa. Paka huhesabiwa kuwa mzee akishapita miaka 10, na wa miaka 15 analingana na binadamu wa sabini na kitu. Aliyevunja rekodi ya umri, Creme Puff wa Texas nchini Marekani, alizaliwa mwaka 1967 akafa 2005, akiwa ametimiza miaka 38.

Ugonjwa unaotangulia ni wa figo. Paka wengi waliopita miaka 10 wanao kwa kiwango fulani, na ubaya wake ni kwamba unajificha. Figo hupoteza kazi kidogo kidogo, na vipimo vya kawaida vya damu huanza kuonyesha tatizo wakati takribani theluthi mbili hadi robo tatu ya uwezo wake imekwisha kupotea. Zikichoka, hushindwa kubana maji mwilini. Mkojo unakuwa mwingi na mwepesi, na paka analazimika kunywa kufidia. Ndiyo maana yule wa jikoni hatoki kwenye bakuli. Taka zinazobaki kwenye damu humtia kichefuchefu, hunusa chakula akaondoka, na mdomo hutoa harufu kali.

Kuna mengine yanayofanana nayo. Kisukari nacho huleta kiu na mkojo mwingi, na kikiendelea miguu ya nyuma hulegea hata paka akakanyagia visigino. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, paka hula kwa pupa na bado anakonda, moyo ukimwenda mbio. Ugonjwa huo uliandikwa na madaktari wa wanyama kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Shinikizo la damu, ambalo mara nyingi huandamana na figo mbovu, linaweza kumpofusha kwa siku moja: mboni zimetanuka hata juani, na anagonga miguu ya viti. Na viungo huuma. Uchunguzi wa picha za eksirei umeonyesha yabisi kwa karibu paka wote waliopita miaka 12, ingawa ni nadra kumwona paka akichechemea. Anaacha tu kurukia dirishani, anaacha kujilamba mgongoni, na kucha asizozinoa hukua zikajipinda na kuingia kwenye nyama ya wayo.

Magonjwa haya hutenganishwa kwa vipimo, na hapo wakazi wa Amani wana urithi mzuri wa kujifunzia. Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo mwaka 1902. Baadaye kikaja kituo cha utafiti wa malaria, na jina la Amani linaishi hadi leo katika kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, kilichopo Muheza. Kazi yote hiyo ilisimama juu ya kupima na kuandika. Paka mzee anahitaji hayo hayo, na vifaa vipo nyumbani.

Mizani ya kuning'iniza ya kupimia mazao inatosha. Paka anatiwa kikapuni, anapimwa, kisha uzito wa kikapu unaondolewa. Paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona chini ya manyoya. Maji nayo hupimwa. Paka huyo anahitaji kama mililita 200 kwa siku, pamoja na yale yaliyomo ndani ya chakula. Akimaliza peke yake bakuli la nusu lita kwa siku, huo ni ugonjwa. Karatasi yenye uzito wa kila mwezi na kiasi cha maji itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Chakula cha paka milimani kwa kawaida ni ugali na dagaa. Ugali hushibisha, lakini paka ni mla nyama kwa maumbile: bila taurini, iliyomo kwenye nyama na samaki, macho na moyo wake huharibika. Dagaa ni wazuri wakioshwa chumvi na kuchemshwa, na supu yao ikamiminwa juu ya chakula ili anywe maji bila kujua. Kwa mwenye figo mbovu, nyama laini isiyo na mfupa ni bora, kwa sababu fosforasi iliyojaa kwenye mifupa ya dagaa huzichosha zaidi figo. Mchuzi wenye kitunguu asipewe, kwani kitunguu huharibu damu ya paka. Maziwa huwaharisha paka wengi wazima na kuwapotezea maji zaidi. Asiyekula kabisa kwa siku mbili asisubiriwe ya tatu. Mafuta huanza kujaa kwenye ini.

Hatari kubwa kuliko zote hutoka mkononi mwa anayempenda. Paka analia, mtu anasaga Panadol na kumnywesha. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso unavimba, anahema juu juu. Diklofenaki na ibuprofeni nazo humaliza figo. Vivyo hivyo kwa dawa za unga za ghalani: baadhi zina permethrini, ambayo binadamu na mbwa huistahimili lakini humtia paka degedege. Kumpaka dawa ya unga ya mahindi au ya kuku ili kuua viroboto ni kumlisha sumu, maana atajilamba.

Viroboto lazima wauawe, kwa dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Wilaya ya Lushoto, katika Usambara Magharibi, inajua sababu. Kati ya 1980 na 2004 tauni iliwashika zaidi ya watu 7,600 wilayani humo na kuwaua zaidi ya 570. Ugonjwa huo ni wa panya na viroboto wao, na paka anayekula panya anaweza kuupata na kumwambukiza anayemuuguza. Paka mwenye homa, uvimbe shingoni na kikohozi apelekwe kwa mtaalamu, asibebwe kifuani.

Maafisa mifugo wa kata huitwa zaidi kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini wengi watamsikiliza mwenye paka aliyekuja na karatasi yake ya vipimo. Vipimo vya ndani zaidi vinapatikana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, safari ya siku nzima kutoka Amani. Kwa figo, daktari anaweza kumfundisha mwenye paka kumtia maji ya dripu chini ya ngozi. Chupa inapashwa moto kidogo kwenye maji vuguvugu, ngozi kati ya mabega inavutwa juu, sindano mpya inapita chini yake, na kiasi alichoamua daktari kinaingia kwa dakika chache. Kinabaki kinundu laini kinachonyonywa mwilini baada ya saa kadhaa. Paka wengine huanza kula siku hiyo hiyo.

Mengine ni ya nyumbani tu: gunia lililokunjwa mbali na makaa, kigogo cha kukanyagia apande kitandani, beseni fupi la mchanga ndani ili asitoke usiku wa baridi. Na maumivu yakishinda dawa, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Sindano ya daktari ya kumlaza ndiyo njia ya huruma, wala si sumu wala kutupwa porini.

Mwenye paka aliyefikisha miaka 10 na ampime wiki hii, aandike, kisha ampelekee afisa mifugo karatasi hiyo na kuulizia pia chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka mzee naye anaihitaji.